Nyumba Aliyoikataa Mama Emerance

Bomba la avenue yetu, yaani mtaa wetu, lilikuwa halijatoa maji kwa siku tatu. Asubuhi hiyo wanawake walibeba bidoni zao za njano mpaka kwenye tangi la Munigi na kupanga foleni. Mama Emerance alikuwa wa kumi na nane. Aliketi juu ya bidoni yake, akaweka mkono shavuni, akasinzia. Foleni iliposogea, mwanamke wa nyuma alimgusa bega.

"Mama, songa."

Akasonga. Akasinzia tena.

Siku hizo Mama Emerance alilala popote, isipokuwa kitandani. Kitandani alikuwa akisikiliza mlango. Alimngoja mwanawe Rodrigue, na hakujua kama atarudi kwa miguu yake au kwa kubebwa.

Mimi ni jirani yake. Ninafundisha watu wazima kusoma, katika chumba kilicho nyuma ya kanisa. Nimeona walevi wengi hapa Goma, na nitasema ukweli, nilikuwa nimechoka nao. Nilidhani habari zao nazijua zote. Nilikuwa sijui kitu.

Rodrigue ana miaka thelathini. Ni fundi wa kuta za mawe, haya mawe meusi yaliyotoka kwenye volkano yetu. Ukuta wa Rodrigue ulikuwa haupindi. Lakini asubuhi za baridi, kabla ya kushika mawe, mafundi hunywa kikombe kimoja cha kanyanga. Kanyanga ni pombe kali ya kienyeji. Kikombe kimoja kikawa viwili. Viwili vikawa chupa. Mwishowe mikono ya Rodrigue ilitetemeka mpaka anywe, na hakuna anayemwita fundi mwenye mikono inayotetemeka.

Baba yake ni Muzee Ntirenganya. Zamani alikuwa mkulima kule Kalengera, kabla vita havijawaleta mjini. Ni mtu wa maneno machache na aibu nyingi. Alimkanya mwanawe. Alimchapa, mtu mzima mwenye ndevu. Alimpeleka kwenye maombi ya siku saba. Yote hayo yaliposhindikana, alinunua kufuli.

Alimfungia Rodrigue chumbani siku ya Jumatatu.

"Siku tatu bila pombe, atapona," alisema.

Jumanne mchana tulisikia kishindo. Mama Emerance alikimbia mlangoni.

"Muzee, leta ufunguo! Mutoto anakufa!"

Tulimkuta Rodrigue chini. Mwili mzima ulikuwa ukitupwa huku na huku, na povu limemtoka mdomoni. Tulimpakia kwenye moto, yaani pikipiki, katikati ya dereva na kijana mwingine, akapelekwa hospitali.

Aliyewapokea ni muuguzi mmoja anayeitwa Kahambu. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini. Alimchoma Rodrigue sindano, akangoja atulie. Kisha akawaita wazazi.

"Nani alimufunga?"

"Ni mimi," alisema Muzee.

"Muzee, usifanye vile tena. Mutu mwenye anakunywa sana kila siku, mwili yake imezoea pombe. Ukimukatia mara moja, mwili inatetemeka, inaanguka. Anaweza kufa. Kuacha anaweza, lakini anaachia karibu na muuguzi, na dawa, pole pole."

"Kwa hiyo ni ugonjwa?" aliuliza Mama Emerance. "Haiko tabia mubaya tu?"

"Ni ugonjwa, mama. Inatunzwa kama magonjwa ingine. Mutuachie yeye wiki tatu."

Wiki ya pili, Kahambu alikuja kwenye avenue yetu. Alikuja na mwanaume mmoja mrefu, seremala, jina lake Josias. Kiswahili chetu cha Goma husema batu badala ya watu, na njo badala ya ndiyo. Mama Emerance alikuwa akichambua maharage mbele ya mlango. Katika kiwanja chake, au parcelle, kuna nyumba mbili. Ile kubwa wanaishi wao. Ile ndogo ya mbao, upande wa njia, ina vyumba vinne. Wapangaji wake walikimbia wakati wa mapigano na hawakurudi.

"Mama, hii nyumba haina mutu?" aliuliza Josias.

"Haina."

"Tunatafuta nyumba ya kulipia. Miye naongoza nyumba moja kule Ndosho. Tunaikala batu sita. Bote tulikuwa balevi, hata miye. Tuliacha, na tunasaidiana tusirudilie."

Mama Emerance aliacha maharage.

"Balevi? Mu parcelle yangu?"

"Ni batu benye balitoka ku hospitali," alisema Kahambu. "Balitunzwa. Lakini bakitoka, habana pa kuikala penye hakuna pombe."

"Kwao hakuna?"

"Kwao njo kwenye balijifunzia kunywa, mama."

"Hapana. Mumoja tu, avenue yote inanicheka. Sasa muniletee bengine?"

Kahambu aliketi kwenye jiwe bila kukaribishwa. Miguu ilikuwa imemchoka.

"Na Rodrigue? Akitoka, ataenda wapi?"

"Rodrigue iko na mama."

"Najua. Lakini hospitali inaondoa pombe mu mwili. Haiwezi kuondoa pombe mu avenue. Toka barabarani mupaka hapa nimepita nyumba tano zenye zinauzisha kanyanga. Miezi ya kwanza njo ngumu zaidi. Inafaa mutu aikale na batu benye bako mu vita moja naye."

"Wangu iko na kwao," alisema Mama Emerance. "Mutafute kwa bengine."

"Aksanti, mama," alisema Josias. Wakaondoka.

Nilisikia yote nikiwa upande wa pili wa ua. Nilisema moyoni, vizuri sana, Emerance. Sikutaka walevi wengine karibu na nyumba yangu.

Rodrigue alirudi siku ya Jumamosi. Alikuwa amenenepa kidogo. Macho yake yalikuwa meupe. Mama yake alimshika mashavu kama anavyoshikwa mtoto mchanga, na sisi majirani tulikuja kumsalimu. Muzee Ntirenganya alikuwa ameandaa mtungi wa kasiksi, ile pombe ya ndizi.

Usishangae. Kwao kuna desturi. Watu hunywa kasiksi katika mtungi mmoja kwa mrija mmoja, na mrija huo wanauita muheha. Mzee hunywa, hufuta ncha ya mrija kwa kiganja, humpa anayemfuata. Ukipewa mrija, wewe ni wa ukoo. Ukirukwa, kila mtu anaona, na hakuna anayeuliza. Miaka miwili Muzee alikuwa akimruka Rodrigue. Mrija ulipita mbele ya pua yake kama vile pale pameketi kivuli.

Sasa Muzee alisimama.

"Nilimukasirikia mutoto wangu miaka mbili," alisema. "Nilimufunga. Karibu nimuue. Leo amepona. Kasirani yangu imeisha. Mbele yenu, namusamehe."

Akafuta ncha ya mrija, akamnyoshea Rodrigue.

Rodrigue alishika mrija, lakini hakuupeleka mdomoni.

"Papa, muuguzi alinikataza..."

"Alikukataza kanyanga. Hii ni kasiksi. Hii ni ya bababu zako."

Rodrigue alimtazama mama yake. Alimtazama kwa muda. Mimi nilikuwepo, niliyaona macho yale. Alikuwa anaomba msaada.

"Pokea, mwanangu," alisema Mama Emerance. "Kidogo tu. Usiache papa yako na mukono mu hewa."

Rodrigue akanywa. Tulipiga makofi. Na mimi nilipiga.

Jumatatu alipita kwa muuza kanyanga kabla ya kwenda kazini. Alhamisi hakwenda kazini. Wiki iliyofuata walimkuta chini ya ukuta aliokuwa akijenga. Ameanguka kutoka juu, paji la uso limepasuka, na mwili unatupwa huku na huku kama mara ya kwanza.

Hospitalini Kahambu alishona jeraha. Alipomaliza, Mama Emerance alimfuata ukumbini. Machozi yalikuwa yamemwishia.

"Alishindwa," alisema.

"Hapana, mama. Ugonjwa ilirudi. Malaria ikirudi, unasema mutoto alishindwa? Tunamutunza tena."

"Alikunywa kasiksi tu. Kidogo."

"Pombe ni pombe. Ya ndizi, ya chupa, ya mufuko, ya mutungi. Kwa mutu mwenye ugonjwa hii, haiko kidogo. Ile ya kwanza inaita ingine." Kisha Kahambu akasema wazi. "Mama, sitakudanganya. Ameanguka mara mbili. Ya tatu inaweza kumuua."

"Basi mumuweke hapa."

"Siwezi. Nitamuweka wiki tatu, halafu kitanda inangojewa na mugonjwa mwingine. Akitoka, asirudi mu avenue yenu sasa. Inafaa aikale kwa Josias miezi sita, hata mwaka moja. Pale hakuna pombe. Batu banaamuka pamoja, banaenda kazi, mangaribi banaongea. Pale mutu anajifunza tena kuishi."

"Basi aende."

Kahambu alisugua macho yake. Naye alikuwa amechoka, zamu yake ilikuwa imekwisha zamani.

"Kwa Josias kuna vitanda sita, na batu ni sita. Benye banangojea ni saba. Rodrigue atakuwa wa nane."

"Hakuna nyumba ingine?"

"Miye najua ile moja tu. Tulipata ya pili. Mwenye nyumba alikatala."

Mama Emerance alitazama mikono yake.

"Ilikuwa yangu," alisema.

"Ilikuwa yako, mama."

Kahambu hakusema kwa kulaumu. Ndiyo maana maneno yale yalimwingia Mama Emerance mpaka kwenye mifupa. Mwenyewe aliniambia hivyo.

Siku ya pili alikwenda Ndosho. Alitaka kuona kwanza. Alifikiri atakuta wanaume wamelala chini, na harufu. Alikuta ua umefagiwa. Mmoja alikuwa anapika sombe, majani ya mihogo. Mwingine alionja, akasema chumvi imezidi, mpaka samaki wa ziwani watalalamika. Wote wakacheka. Ukutani palikuwa na ubao. Juu yake yameandikwa majina, na mbele ya kila jina kazi yake. Kufagia, kuteka maji, kupika, kufunga mlango.

Josias alimpa kiti.

"Hii haiko hospitali," alimweleza. "Haiko gereza. Haiko kanisa, hata kama mwenye anapenda kusali anasali. Ni nyumba. Mutu anaingia kwa kutaka mwenyewe. Ufunguo ya chumba yake iko mu mufuko yake."

"Na kama akikunywa?"

"Hatumupige. Hatumutupe barabarani. Anarudi kwa Kahambu, anatunzwa, halafu anarudi kuomba tena. Lakini mu nyumba, pombe haiingii, hata tone. Bangi pia haiingii. Hiyo njo sheria ya kwanza."

"Ingine?"

"Kila mutu anatafuta kazi, anachangia chakula na loyer, feza ya kulipia nyumba. Kila siku saa moja ya mangaribi tunaketi pamoja. Kila mutu anasema siku yake ilikuwa namna gani. Mwenye aliona nguvu anasema. Mwenye alikuwa na hamu ya kunywa anasema pia, na hakuna mutu anamucheka."

Mama Emerance alivuta pumzi.

"Bon. Nyumba yangu, muchukue. Vyumba ine, vitanda nane. Rodrigue atalala chumba ya mbele. Miye nitakuwa namuona kila siku."

Josias alikuna kidevu.

"Aksanti kwa nyumba, mama. Lakini Rodrigue hawezi kuikala mule."

"Ni nyumba yangu!"

"Njo maana. Utamuletea chakula kila saa. Zamu yake ya kufagia, utafagia weye. Akikosa, nani atamuambia? Tutaogopa mwenye nyumba. Na papa yake iko hatua kumi, na mutungi." Josias aliongea taratibu. "Batu mbili benye bamekomaa hapa bataenda kwako, bataongoza. Rodrigue atachukua kitanda hapa. Batoto ya bamama bengine batalala kwako."

Mama Emerance alisimama, akafunga kitenge chake, akaondoka bila kuaga. Alitembea kutoka Ndosho mpaka kwetu kwa miguu, na hasira. Alinikuta jikoni namenya viazi.

"Unaona?" aliniambia. "Banataka nyumba yangu, na mutoto wangu banamupeleka mbali. Miye nichunge ba bengine!"

"Basi acha," nilimjibu. "Nani anakulazimisha?"

Aliketi. Alichukua kisu cha pili, akaanza kumenya pamoja nami. Viazi vitatu, vinne.

"Kule balikuwa banacheka," alisema.

"Nani?"

"Bale banaume. Juu ya chumvi ya sombe. Miye sijasikia Rodrigue akicheka miaka ngapi sasa?"

Alimaliza kiazi alichoshika, akafuta mikono, akaenda kumtafuta chef wa avenue, kiongozi wa mtaa.

Chef wetu, Papa Léopold, aliitisha réunion, mkutano wa avenue nzima, Jumapili baada ya misa. Kahambu na Josias walikuja wakaeleza. Watu walisikiliza wamekunja mikono.

"Bataibia," alisema mmoja.

"Bataharibu batoto yetu," alisema Mama Charline. Mama Charline ndiye anayeiuzia kanyanga nusu ya avenue. Siku hiyo alikuwa na uchungu mkubwa na tabia za watoto.

"Nani hataki?" aliuliza chef.

Mikono mingi iliinuka. Na wangu uliinuka. Ninaandika hivi ili ninyi wanafunzi wangu mjue ni nani anayewafundisha.

Ndipo Muzee Ntirenganya alipoinuka. Hatujawahi kumsikia akisema katika mkutano.

"Mutoto wangu iko ku hospitali," alisema. "Munajua. Miye njo nilimufunga na kufuli, karibu afe. Halafu miye njo nilimupa muheha. Nilifikiri namusamehe. Kumbe namurudisha mu ugonjwa. Mulipiga makofi, hamukujua. Na miye sikujua. Sasa batu bamekuja kutufundisha, na tunabafukuza. Munaogopa balevi? Balevi bako hapa tayari. Bako mu nyumba zetu, tunabaficha. Mutu mwenye haina mulevi mu jamaa yake, ainue mukono."

Alingoja. Mkono haukuinuka hata mmoja. Mama Charline aliangalia chini. Mume wake alikufa kwa ini lililoharibiwa na pombe, kila mtu anajua, na hakuna anayesema.

Na mimi nina mdogo wangu, Damascène. Analala stendi ya mabasi. Mwaka mzima nilikuwa nikiwaambia watu kwamba amesafiri Butembo kwa biashara. Nilichoka naye, nikaona haya, nikamfuta mdomoni mwangu. Mficha uchi hazai, wanasema wazee. Nilisimama.

"Chef," nilisema, "mukono wangu naushusha."

Papa Léopold hakuwa mtu wa kukurupuka. Alikubali, lakini aliweka masharti. Miezi mitatu ya kujaribu kwanza. Mtu akiona jambo baya, amwendee Josias au chef, asianze matusi. Josias alikubali yote, akaandika namba yake ya simu kwenye ukuta wa chef.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema Papa Léopold. "Tutaona kama bazee balisema kweli."

Wanaume wanane waliingia katika nyumba ndogo. Kwanza walirekebisha paa. Kisha walifagia njia mpaka mbele ya nyumba yangu, jambo ambalo chef mwenyewe hajawahi kulifanya. Kuku wangu mmoja alipotea, nikawashuku. Kuku alipatikana ameangua vifaranga nyuma ya choo changu. Niliwapelekea mayai, na hawakuniuliza ni ya nini.

Si kila kitu kilikwenda vizuri. Mwezi wa pili mmoja wao alikunywa. Wenzake walimpeleka kwa Kahambu siku hiyo hiyo. Baada ya wiki mbili alirudi, akaketi katika mkutano wa jioni, akasema. Mama Charline alihamisha benchi lake la kuuzia mpaka mwisho wa avenue. Hakuacha kuuza. Alihamisha benchi tu. Na Damascène bado hataki. Nilikwenda stendi mara nne na Josias. Mara ya nne alikubali kunywa chai nasi. Hatutamfunga, hatutamburuta. Tutarudi tena.

Rodrigue alitoka hospitali akaenda moja kwa moja Ndosho. Mwezi wa kwanza mama yake hakuruhusiwa kumpelekea chakula. Alilia, akatii. Mwezi wa tatu Rodrigue alirudi kwenye mawe. Haendi kazini peke yake asubuhi, huenda na mwenzake wa nyumba, na wanapita njia isiyo na kanyanga, ingawa ni ndefu. Jumapili huja kula kwa wazazi. Siku hiyo mtungi hautoki ndani. Muzee na mwanawe huketi pamoja kwenye jua. Hawaongei sana. Saa kumi na moja Rodrigue huaga, maana saa moja anangojewa kwenye kiti chake kule Ndosho. Mama yake hapendi saa hiyo. Lakini humsindikiza mpaka barabarani na kumwacha aende.

Kitanda kikiachwa wazi, hakikai. Orodha ya wanaongojea imeanza tena kurefuka. Josias anatafuta nyumba ya tatu. Kama unayo tupu, mwite. Usingoje mpaka umhitaji.

Wiki iliyopita nilikuwa uani kwa Mama Emerance. Kahambu alifika na mama mmoja wa Vitshumbi, kule ziwani kwa wavuvi. Walikuwa na kijana wake, Sikuli, mwenye macho mekundu na shati jipya. Alikuwa ametoka hospitali asubuhi hiyo. Mama yule alishika mfuko wa nguo za mwanawe kwa mikono miwili. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Weye njo mwenye nyumba?" alimuuliza Mama Emerance.

"Njo miye. Karibu."

"Nani atamupikia?"

"Atapika yeye mwenyewe, na benzake."

"Hajui kupika."

"Wangu pia hakujua."

Mama yule alitazama nyumba ndogo, kisha akatazama wanaume waliokuwa wanateka maji.

"Wako ni nani kati ya bale?"

"Haiko hapa. Wangu iko Ndosho, mu nyumba ya batu bengine. Hii ni mwezi ya saba. Hajakunywa."

"Umemuacha kwa batu?"

"Nimemuacha kwa batu," alisema Mama Emerance. Sauti yake haikuwa na furaha wala aibu. "Nilitaka nimuchunge miye mwenyewe. Nilimuchunga mupaka karibu nimuzike. Sasa bengine banamuchunga wangu. Wako, uniachie."

Mama yule akageuka kwa mwanawe, akamwekea mfuko mkononi, na Sikuli akaingia ndani akiubeba mwenyewe.